Mama Keji aliiona nyumba yake ya Yei kwenye tamasha la filamu Arua, mimi nikabaki na siri

Wakuu, habari za mihangaiko. Hili limenikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi. Mwenye wasiwasi aje Koboko, huku Uganda mpakani, tunywe chai, nitamsimulia upya na hakitabadilika kitu.

Kwanza mjue mimi si mtu wa filamu, ni fundi simu. Sinema nazijulia kwenye kibanda cha video, nyie wa Bongo mnaita kibanda umiza. Benchi la mbao, VJ ameshika maiki anatafsiri kila kitu, mpaka maneno ambayo mwigizaji hajayasema. Adui akishakufa, VJ anazima anaweka nyingine. Hakuna anayejua huwa kinafuata nini.

Sasa mteja mmoja akanipa tiketi mbili za tamasha la filamu Arua. Wife alikuwa Ajia kwa wazazi wake, msimu wa kupanda. Tiketi ya pili nikampa jirani yangu wa kibarazani, Mama Keji. Msianze, ni jirani tu.

Mama Keji ni fundi cherehani. Alikimbia vita kutoka Yei, Sudan Kusini, Keji akiwa bado mgongoni. Sasa Keji yuko darasa la sita. Mumewe alisema atawafuata, hakuwahi kufika.

Tukaingia ukumbini saa tano asubuhi. Nje jua kali, ndani wamefunga mapazia meusi mazito, feni inazunguka polepole. Hakuna VJ. Watu wametulia mpaka unasikia mtu akimeza mate.

Mimi nilizoea kelele, wakuu. Ule ukimya ulinilegeza. Filamu ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, nikawa kama mtu aliyesinzia mchana na bado anasikia watu wakiongea chumba cha pili. Raha ya ajabu, siwezi kuielezea vizuri.

Ya tatu ilikuwa ya msichana anayerudi kwao Sudan Kusini baada ya vita. Haongei. Anatembea tu kwenye majani marefu, unasikia upepo, mwanga wa asubuhi umejaa kwenye screen nzima.

Kisha nyumba ikatokea. Ya udongo, mlango wa bluu, na chini ya ukuta mawimbi yaliyochorwa kwa vidole.

Mama Keji akanishika mkono.

"Fundi, hii nyumba iko yangu."

Akaninong'oneza kwamba mawimbi yale alichora mama mkwe wake, na mlango aliupaka rangi mumewe. Akasema, "Iko nasimama bado. Hawakuchoma."

Nilimwamini kabisa. Nikaitazama ile nyumba kama vile na mimi nimewahi kulala humo.

Filamu ikaisha, majina yakaanza kupanda kwenye screen. Watu wakainuka kama tulivyozoea kwenye vibanda. Mama Keji alikuwa wa kwanza mlangoni, anaenda kumpigia kaka yake.

Mimi nilibaki kwa sababu ya kijinga. Nilikuwa nimevua kandambili, moja ikapotelea chini ya kiti. Nilipoipata nikainua kichwa, nikasoma mstari wa mwisho: wanawashukuru wakazi wa Abuku, Koboko, ambako filamu yote imepigwa.

Abuku, wakuu. Hapa hapa kwetu. Wala si Sudan Kusini.

Nikatoka nje, jua likanipiga usoni. Mama Keji alikuwa uani na simu sikioni, analia huku anacheka. Miaka yote ya ujirani sikuwahi kumwona hivyo. Nikafunga mdomo.

Nilijiambia nitamwambia tukifika Koboko. Tukafika, sikumwambia. Kesho yake akawa anaimba kwenye cherehani. Wateja wakimuuliza kulikoni, anawaambia nyumba yake iko salama. Nami nimeinamia simu za watu nafungua skrubu, nimejaa aibu.

Wiki ikapita. Jumamosi akaja kwenye meza yangu kuuliza kama namjua dereva wa lori anayevuka kwenda Yei. Amemuaga mwenye nyumba. Amemwambia Keji aage wenzake shuleni.

Hapo nikasema yote. Abuku, majina, kandambili.

Akaniuliza, "Wewe najua tangu lini?"

Nikamjibu, tangu siku ile.

Akarudi kwenye cherehani yake. Jumatatu hakunisalimia. Jumanne vilevile. Iliniuma, na nilijua nimestahili.

Jumatano asubuhi akasimama mbele yangu na mkoba wake. Hakukaa. Akasema nimpeleke Abuku aione hiyo nyumba kwa macho yake.

Nikawasha pikipiki. Tukauliza njia mara mbili, tukaikuta. Mwenyewe ni mama wa makamo, alikuwa ameketi nje anabangua karanga. Wakasalimiana Kikakwa, maana Wakakwa wako pande zote mbili za mpaka. Akatueleza kwamba rangi ya bluu waliipaka watu wa filamu. Mawimbi alichora yeye, wanawake wa kwao wote huchora hivyo.

Mama Keji akaizunguka nyumba taratibu. Akaniambia dirisha liko upande usio wake, na nyumba yake ya Yei ilikuwa kubwa zaidi. Nilisubiri alie. Hakulia.

Akamwomba yule mama kitu kwa Kikakwa. Yule mama akaacha karanga, akaitikia kwa kichwa.

Mama Keji akapanda kizingitini. Mlango ulikuwa wazi. Akaushika, akauvuta polepole mpaka ukafungika, akasukuma komeo. Kisha akaweka kiganja chake juu ya zile mbao na kukiacha hapo.

"Ile siku tulikimbia, tuliacha mlango wazi," akasema bila kugeuka. "Miaka yote mimi nalala nawaza hiyo tu."

Upepo ulikuwa unapita kwenye majani na jua lilikuwa la saa nne tu.

Yuko hapa Koboko mpaka leo, cherehani iko palepale, na Keji anaendelea na shule. Nyumba ya Yei hatujui habari zake.

Nilichojifunza ni kwamba furaha ya mtu si ruhusa ya kumficha ukweli, hata kwa wiki moja. Na mkienda tamasha, kaeni mpaka majina yaishe.

Ila kuna swali linanisumbua, karibuni mnijibu, hata kwa kunisema. Kama ningemwambia palepale uani, simu ikiwa sikioni, angekwenda kweli kuufunga ule mlango?