Aliyenifundisha Kusoma Mizania

Katika miaka yangu yote ya chuo nilifeli somo moja tu, nalo ni uchambuzi wa taarifa za fedha. Matokeo ya mwaka wa pili yalitoka nikiwa likizo nyumbani Igurwa, nimekaa jikoni namenya ndizi na mama. Nikafungua simu nikaona masomo mengine yote nimepita, ila hilo nitarudia mtihani wake kabla ya muhula mpya. Wanafunzi tunaita sapu. Ukiifeli sapu unarudia mwaka mzima, na kwetu mwaka mwingine wa ada haukuwepo.

Mama hakujua sapu ni nini. Nilipomweleza, alisema basi soma, akaendelea kumenya.

Nilitoka nje nikampigia rafiki yangu wa Kimuli. Tulikutana kidato cha tano, tukachaguliwa chuo kimoja ng'ambo ya ziwa, kozi moja ya uhasibu, tukapanga chumba kimoja, wasichana wawili. Mimi wa Karagwe, yeye wa Kyerwa, lakini chuoni watu walidhani tumezaliwa nyumba moja, maana tukikasirikiana tuliacha Kiswahili tukagombana kwa Kinyambo. Alikuwa mwembamba, na macho yake yalikuwa na umanjano kidogo kwa sababu alizaliwa na ugonjwa wa damu wa selimundu. Baridi ikizidi, au akichoka kupita kiasi, maumivu yalimwingia mifupani, akalazwa, akatoka, akarudi darasani kama mtu aliyekwenda sokoni mara moja. Nilikuwa nimemsindikiza hospitali mara nyingi hivi kwamba nilishaacha kuogopa.

Somo nililofeli mimi ndilo alilolipenda yeye kuliko yote. Wenzetu walisoma tamthilia na hadithi kupumzisha akili. Yeye alisoma ripoti za mwaka za makampuni, tena alizisoma akicheka. Nilipomwambia kuhusu sapu hakunipa pole. Aliniuliza siku ya mtihani, kisha akasema anakuja.

Alikuja kwa bodaboda, amejifunga kitenge cha mama yake juu ya sweta, na begi la vitabu mgongoni. Baba, ambaye ni mzee wa kanisa na si mtu wa maneno mengi, alimwita mwalimu kuanzia siku hiyo. Tulikuwa tunakaa nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha migomba, mama akituletea chai na kahawa za kutafuna. Akizidiwa na uchovu alilala kwetu, akiwa na nguvu alirudi kwao.

"Wewe hesabu unazijua," aliniambia siku ya kwanza. "Ulichofeli ni kusoma. Unapiga uwiano, unapata jibu, halafu unaliacha hapo, kama mtu aliyempima mtoto homa akarudisha kipimo mfukoni. Sasa mtoto anaumwa au haumwi?"

Mhadhiri wetu alifundisha kwa Kiingereza, na mimi nilikuwa nimekariri Kiingereza hicho vizuri sana bila kujua kinasema nini. Rafiki yangu alikishusha chote mpaka kikakaa kibanjani kwetu, kwenye shamba la migomba na kahawa. Kuhusu ukwasi, yaani fedha iliyo tayari mkononi, alinionyesha shamba la baba. Mtu anaweza kuwa na kibanja kikubwa, ng'ombe, na nyumba ya bati, alisema, na jioni hii akakosa chumvi, kwa sababu mgomba haukatwi ukapelekwa dukani kama sarafu. Ukimtazama kwa mali yake utasema tajiri. Ukiuliza jioni hii atakula nini, utapata jibu jingine. Kuhusu faida alinikumbusha kahawa: umeshaipeleka chama cha ushirika, imepimwa, umeandikiwa stakabadhi, kwenye hesabu wewe umeshauza na umepata faida. Lakini malipo hayajafika. Kampuni nyingi zinakufa zikiwa na faida, akasema, na hapo akacheka, maana jambo hilo lilimfurahisha kila mara kama kitendawili.

Mvua zilianza mapema mwaka ule. Siku moja alirudi Kimuli akiwa amelowa, na kesho yake mama yake akanipigia kwamba wako njiani kuja hospitali ya Nyakahanga.

Nilikwenda nikiwa nimebeba chakula alichopika mama, na daftari sikubeba. Nilimkuta kitandani ana dripu mkononi na oksijeni puani. Kitu cha kwanza alichoniuliza ni daftari liko wapi. Kesho yake nikalibeba.

Ndivyo nilivyomaliza mada ya mtiririko wa fedha, nimeketi kwenye stuli kando ya kitanda cha wodi ya wanawake. Alizungumza kwa vipande, akipumzika katikati ya sentensi, akinichorea kwa kidole juu ya blanketi. Muuguzi mmoja alitukataza mara mbili, kisha mwenyewe akakaa kusikiliza kidogo, akaondoka akitikisa kichwa. Mama yake alikuwa upande wa pili wa kitanda, anamkanda miguu. Hakuuliza tunazungumza nini. Alikuwa mjane, mkulima wa kahawa, na huyo ndiye binti yake wa pekee.

Siku yangu ya kusafiri ilipofika nilisema siendi. Alikuwa na nafuu, ameondolewa oksijeni, amekula uji. Aliniangalia kwa hasira kabisa.

"Nimekuja Igurwa kwenye mvua ili wewe usiende?"

Nikamwambia nitaomba kuahirisha. Akasema hakuna anayeahirishiwa kwa sababu rafiki yake anaumwa. Kisha akanyoosha mkono akachukua simu yangu, akafuta WhatsApp mbele ya macho yangu, akaniambia nitairudisha nikishatoka kwenye chumba cha mtihani. Alinijua. Alijua ningekaa usiku kucha nasubiri alama ya kwamba ujumbe wangu umesomwa. Niliagana naye kwa haraka kwa sababu bodaboda ilikuwa inasubiri. Nilimshika mguu juu ya blanketi nikasema tutaonana. Hilo ndilo la mwisho nililomwambia, na ni neno ambalo mtu humwambia yeyote.

Chuoni nilimpigia kila jioni. Mara ya kwanza alipokea, akaniuliza maswali mawili ya marudio, akakata. Baada ya hapo simu yake ikawa haipatikani. Nikampigia baba, ambaye alikuwa anapita Nyakahanga kumjulia hali. Nikamwomba anipe niongee naye.

"Amelala," baba alisema.

Nikauliza anaendeleaje. Baba akasema niweke akili kwenye mtihani, wote wananiombea. Sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote. Nililala vizuri usiku ule.

Mtihani ulikuwa na swali kubwa la kampuni mbili, taarifa zao za miaka mitatu, na ushauri kwa benki ambayo inataka kukopesha mojawapo. Kampuni ya kwanza ilikuwa na faida ya kupendeza na haikuwa na kitu mkononi. Nilicheka peke yangu ndani ya chumba cha mtihani, msimamizi akaniangalia. Niliandika mpaka nikaomba karatasi za ziada.

Nilipotoka, msichana mmoja wa darasa letu alinifuata kwenye ngazi, akanikumbatia, akaniambia pole sana, na kwamba nina moyo wa ajabu kuja kufanya mtihani siku moja tu baada ya mazishi. Nikamuuliza mazishi ya nani.

Sikumbuki vizuri yaliyofuata. Nakumbuka kwamba alianza kulia yeye kabla yangu, na kwamba nilikaa kwenye ngazi na watu wakawa wanatupita pembeni.

Alikuwa amefariki asubuhi ya siku ile niliyoongea na baba. Kifua kilimbana tena ghafla, madaktari wakafanya waliyoweza. Kabla ya hapo alikuwa amewaambia mama yake na baba yangu, wote wawili wakiwa kando ya kitanda chake, kwamba lolote litakalotokea nisiambiwe mpaka nimalize. Wakakubali. Mama yangu alikwenda kwenye mazishi. Majirani zetu walikwenda. Kwaya ya vijana wa usharika wetu ilikwenda kuimba. Mimi nilikuwa maktaba, nasoma.

Nilisafiri kwa basi la kesho yake. Baba alinipokea stendi ya Omurushaka, akanyoosha mkono kuchukua begi langu. Nikalishikilia.

"Baba, ulisema amelala."

"Nilitafuta neno ambalo si uongo," alisema, "nikapata hilo."

Nilipanda bodaboda nikaenda Kimuli moja kwa moja, sikufika nyumbani.

Kulikuwa bado na wanawake wachache wamekaa kwenye mkeka sebuleni. Nikapiga magoti, nikamwamkia mama yake shikamoo, akaniitikia marahaba, akanishika kichwa kwa mikono miwili. Jioni wageni walipopungua alinichukua nyuma ya nyumba, kibanjani, kwenye kaburi. Udongo ulikuwa bado mwekundu, mvua imeushindilia pembeni. Maua ya karatasi yalikuwa yameanza kuchuja rangi.

Tukakaa chini. Akaniuliza, "Mwanangu alikuwa anasoma nini?"

Nikasema uhasibu, mama.

"Hilo najua, ndilo ninalowajibu watu. Nauliza yale makaratasi. Alikuwa anakaa pale mlangoni anayasoma, anacheka mwenyewe. Nikimuuliza, anasema mama hutaelewa, ni mambo ya chuo. Alikuwa anachekea nini?"

Sikuwahi kuulizwa swali gumu kama hilo katika mtihani wowote. Nilianza kwa Kiswahili, maneno yakakwama, nikahamia Kinyambo. Nikamweleza kwamba kila kampuni huandika kila mwaka habari zake: ina nini, inadaiwa nini, imepata nini. Kwamba wanaoandika hupenda kuonekana vizuri, kama watu wote. Na kwamba binti yake alikuwa na uwezo wa kuweka karatasi mbili au tatu pamoja na kuona palipofichwa njaa. Nikampa ule mfano wa kahawa iliyopelekwa na malipo yasiyofika. Huo alifikia mwisho wake kabla yangu.

"Kumbe," alisema. "Alikuwa anawasoma watu wanaojisifu."

"Ndiyo, mama."

"Na anawakamata."

"Anawakamata wote."

Akacheka. Kilikuwa kicheko cha binti yake hasa, hata pumzi ya mwisho inayopanda juu, na nadhani alijisikia mwenyewe, kwa sababu alinyamaza ghafla, akalaza uso kwenye magoti akalia kwa sauti ambayo iliwatoa wanawake ndani ya nyumba. Mimi ndipo nilipolia. Mpaka hapo nilikuwa sijaweza.

Sapu nilipita, kwa alama ambazo ningeona aibu kumwonyesha yeye tu. Nilimaliza chuo. Chumba kile nilikaa peke yangu mpaka mwisho wa muhula, kisha nikahama.

Baba sikuongea naye sawasawa kwa karibu mwaka. Nilimsalimu, nilimjibu, basi. Mama alisema namwonea, kwamba alikuwa ametimiza neno la marehemu, na kwamba siku ya mazishi alishindwa kusimama wakati wa sala ikabidi ashikwe. Nilijua ni kweli. Lakini nilikuwa namtaka mtu wa kumlaumu, na yeye alikubali kuwa huyo mtu bila kulalamika hata siku moja. Tulipatana bila mazungumzo. Nilikuja likizo nikamkuta anapalilia, nikachukua jembe.

Sasa nafanya kazi ya ukaguzi wa hesabu mjini Kayanga. Nimeolewa, na mwaka uliopita nilijifungua mtoto wa kike. Mama wa Kimuli alikuja kumwona, amebeba ndizi kichwani na kuku mkononi, ingawa nilimwambia asijisumbue. Mimi na mume wangu tulikuwa tumeshakubaliana jina. Nilisubiri anywe chai kwanza, kisha nikamwambia tunataka mtoto aitwe jina la binti yake.

Alimtazama mtoto muda mrefu.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Nikiliita jina hilo, nitakuwa nasubiri aitikie yule."

Nikamwomba basi achague yeye. Akafikiri, akataja jina ambalo hakuna mtu yeyote kwetu wala kwao aliyewahi kuitwa, akasema ni zuri kwa sababu halina mwenyewe. Kisha akanyoosha mikono nimpe mtoto, akamlaza juu ya mapaja, akaanza kumkanda miguu.