Bata wa Dukani

Muuza bunduki wa Deira, mzaliwa wa Malindi, ni mnene na mtaratibu, mwenye sauti ya chini. Lakini mtajie bata mwitu uone mikono yake isivyotulia. Kila bunduki huipangusa kwa kitambaa cha manjano, akaifungua kukuonyesha kuwa ni tupu, ndipo akupe. Bi Ghania alimwendea na mwanawe Shihab, aliyealikwa na wakwe watarajiwa kwenda ng'ambo kuwinda bata. Ukoo wao haujapata kuchekwa, na hakutaka uanze kuchekwa kwa kijana wake kukosa ndege mbele ya baba mkwe. Alikwisha kuipenda bunduki moja yenye nakshi za dhahabu.

"Nzuri, mama, ila itamlemea," muuzaji alisema, akampa Shihab bunduki nyeusi ya marisawa, zile risasi ndogo ndogo za ndege, inayojipakia yenyewe. "Fumba macho, iweke begani. Haya, fumbua."

Akarudi nyuma yao, akawasha kurunzi. Doa la mwanga likapaa ukutani, naye huku akitimua mbio na tumbo lake, akilia kama bata. Mtutu ukalifukuza doa, ukalitangulia kidogo.

"Ta!" Shihab akasema.

Muuzaji akajiangusha zuliani, miguu juu, kanzu magotini, kimya.

Bi Ghania akatazama mlangoni, asije akawa anapita mtu wanayejuana. Akaweka mkoba mezani, akamnyooshea mwanawe mikono.

"Hiyo ndiyo yetu. Hebu nipe." Kisha akamgeukia aliyelala. "Nawe inuka, mwanangu, urushe bata mwingine."