Nimelamba jiwe, mlima unaliwa

Jamani, nimeharibu mlima wa watu.

Leo nimekwenda nje ya Katoro kumwona Mzee Masanja, anayechonga uso wa marehemu mama yake kwenye mlima wa mawe. Miaka sita, pua ndiyo kwanza imekamilika.

Nikaokota kipande chini. Si unajua sisi wachimbaji wa dhahabu? Nikakilamba kilowe, nikakigeuza juani kuona kama kinang'aa.

Bodaboda wangu akaniona. Akapiga simu moja tu.

Mara watu na nyundo, wamepanda hadi shavuni!

Nikapiga kelele, "Hakuna dhahabu hapa!"

Mmoja akacheka. "Mchimbaji akisema hakuna, ujue ipo."

Pua ikaanguka.

Mzee akaniuliza taratibu, "Mwanangu, wewe uliona nini?"

Mngekuwa ninyi mngemjibuje?

Mimi nilisema, "Nililamba tu, baba."