Cheti Nilichokicheka

Nilipochoka kufundisha shule ya kijiji cha Ntobeye, Ngara, niliamua kuhamia idara ya utumishi wilayani. Mwalimu mkuu wangu alinishauri nianze na kozi ya cheti, maana sikuwa nimewahi kushika jalada la mtumishi hata siku moja. Nilimcheka. Mtu mzima, mwalimu wa darasa la saba, nikakae dawati moja na makarani? Nikaomba stashahada, nikaipata, nikarudi Ngara na mkoba wa ngozi na maneno makubwa ya uongozi.

Wakati huo waliokwenda vitani walikuwa wanarejea. Mwalimu mmoja wa Kanazi alikuja mezani kwangu na kovu bichi shingoni. Alikuwa ameandikwa mtoro kazini na nafasi yake imepewa mwingine. Nikamhutubia kuhusu nidhamu na ari ya kazi, kama nilivyofundishwa chuoni. Alinisikiliza kwa heshima, maskini, akidhani mwisho wa hotuba kuna msaada.

Karani wa masijala, binti mwenye cheti kilekile nilichokikimbia, aliinuka. Akatoa jalada, akafunua barua ya shule iliyosema mwalimu ameondoka na mgambo kwenda vitani, barua ambayo hakuna aliyejisumbua kuisoma. Akaandika dokezo la kumrudisha kazini, akaniletea nitie sahihi. Hata mahali pa kusaini alinionyesha kwa kidole.

Kesho yake asubuhi aliniamkia kama kawaida, “Shikamoo, bosi.” Nami nikaitikia marahaba, bila haya.