Siku Mabomba Yalipomnyamazia Bi Kengele

Chai ya mafundi bado inafuka kwenye vikombe, lakini Bi Kengele ameshapiga magoti kando ya lori. Kitambaa kimekazwa kichwani, mikono ya blauzi imekunjwa mpaka kwenye viwiko, na mkononi ana nyundo ndogo ambayo fundi seremala angeiona ya kuchezea.

Mbele yake kuna bomba refu la chuma, jekundu kama tofali kwa nje na la manjano kwa ndani. Limelazwa juu ya vipande viwili vya mbao ili lisiguse ardhi. Anainama, anageuza sikio la kulia, kwa kuwa la kushoto ni zito tangu utotoni, anagonga.

Ngaaa.

Sauti inapiga ukuta wa jengo, inarudi ikiwa nyembamba, inapotea. Anaitikia kwa kichwa. Wabebaji wawili wanalinyanyua na kwenda nalo.

"Huyu mama akigonga kaburi, maiti ataitika," mmoja wao anamnong'oneza mwenzake.

"Na wewe uliye hai mbona nikikuita huitiki?" Bi Kengele anajibu bila kugeuka. "Leta lingine."

Wanacheka wote, na kazi inaendelea.

Mabomba haya ni ya kutolea maji machafu ndani ya majengo ya ghorofa. Yametengenezwa kwa chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye umbo lake. Kisha yamepakwa rangi ngumu ya epoksi nje na ndani, ili maji ya vyooni na sabuni visikile chuma. Bomba moja la mita tatu lina uzito wa kilo ishirini na tano hivi.

Ni chuma imara, lakini kina tabia ya kikombe cha udongo. Ukikiangusha vibaya hakipindi, kinapasuka. Na ufa wenyewe unaweza kuwa mwembamba kama unywele, ukajificha chini ya rangi, jicho lisiuone kabisa.

Ndiyo sababu ya nyundo. Bomba zima linalia muda mrefu. Lenye ufa linasema "bup", basi, limemaliza.

"Rangi inaficha, sauti haifichi," anasema. "Ni kama mtoto mgonjwa. Ukimgusa panapouma, utajua tu hata kama hajajua kusema."

Ana miaka arobaini na tisa na watoto watatu. Alianza kazi za ujenzi kwa kubeba maji ya kukorogea zege. Siku moja alipita na ndoo kichwani wakati fundi mkuu wa mabomba anagonga mzigo uliofika, akasimama ghafla, maji yakammwagikia mabegani.

"Nilimwambia, fundi, hilo limechoka. Akaniangalia kama naongea na upepo. Akaligonga tena, kisha akakwangua rangi kwa kisu. Ufa huu hapa. Ndoo nikampa mtu mwingine siku ileile."

Jina lake la sasa alipewa na mafundi. La kuzaliwa wengi wao hawalijui, na yeye hajali. Ujira wa kubeba maji ulikuwa unaishia kwenye unga na nauli. Huu wa nyundo unafika mpaka kwenye ada za watoto wawili wa mwisho, na mwezi ukiwa mzuri, unafika kwenye viatu.

Jengo analofanyia kazi sasa ni la wazazi. Juu ni wodi ya akina mama waliojifungua. Chini yake ni chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Bomba la vyoo vya wodi ya juu linapita ndani ya dari ya chumba hicho.

"Fundi alinionyesha mahali vitakapokaa vile visanduku vya kioo vya kuwalaza," anasema. "Mtoto wa kilo moja na nusu yuko hapa, na bomba liko hapo juu yake. Sikuhitaji maelezo mengine."

Ni bomba hilo lililomnyima usingizi mwezi uliopita.

Ilikuwa siku ya lori, kama leo. Aligonga bomba la kwanza: bup. Akalitenga. La pili: bup. Mzigo ulipofika nusu, alikuwa ametenga mabomba kumi na moja, na dereva wa lori ameshashuka na kusimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Mama, leo umeamkia upande gani? Mzigo huu nimeubeba kama mayai!"

"Basi mayai yako yamepasuka."

"Kumi na moja? Hata ningepindua lori yasingepasuka yote hayo! Hebu lete hiyo nyundo."

Dereva akagonga bomba mojawapo, kisha akatabasamu. "Unasikia? Linalia mpaka linafika kwa mama mkwe wangu."

Wabebaji wakaangua kicheko. Fundi mkuu akasogea, akagonga lilelile, akagonga na la pembeni yake. Akamrudishia Bi Kengele nyundo, akamtazama kwa upole. "Haya yanalia, mama."

Bi Kengele alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwenye bomba. Yeye alikuwa amesikia bup.

"Nilidhani wananitania," anasema. "Nikawatazama usoni mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyekuwa anatania."

Hakubishana. Aliirudisha nyundo kwa fundi mkuu, mpini mbele, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. Dereva alipouona uso wake aliacha kucheka, akamletea maji ya kunywa.

"Ni uchovu huo," fundi mkuu akamwambia. "Nenda nyumbani, pumzika, kesho utakuja."

Hakwenda. Alibaki anayaangalia mabomba, kisha akauliza swali ambalo hakuna mwingine aliyekuwa amelifikiria. "Na yale niliyopitisha wiki hizi?"

Mabomba ya juu ya chumba cha watoto yalikuwa yamepitia kwenye sikio lake katika wiki hizohizo. Yalikuwa yameshaungwa kwa mipira na vibano vya chuma, na mbao za dari ziliegemezwa ukutani zikingoja kupigwa misumari kesho yake. Kama sikio halikusikia bomba zima, nani angeapa kwamba lilisikia bovu?

"Fundi, msifunge dari."

"Mama, nikimwambia mwenye kazi tusifunge, ataniuliza kwa nini. Na nikimwambia kwa nini, hii nyundo hutaishika tena."

"Mwambie sikio langu limekufa. Mwambie hivyohivyo. Ila msifunge."

Fundi mkuu anakiri kwamba neno hilo lilimgusa. "Angenyamaza, hakuna ambaye angejua," anasema. "Sisi hupima kwa maji jengo zima likikamilika. Pale bomba lingekuwa limeshafunikwa. Likivuja sana tungeona na kubomoa. Likivuja kidogokidogo, pengine tungekuja kujua watoto wakiwa wamo ndani."

Mwenye kazi alikunja uso, lakini alikubali wapime kwanza.

Asubuhi iliyofuata wakaliziba bomba kwa chini kwa mpira unaojazwa upepo, wakalijaza maji kutoka ghorofa ya juu mpaka mdomoni, kisha fundi mkuu akaweka alama ya chaki pale maji yalipofikia. Maji yakisimama hivyo yanakandamiza kwa nguvu sana huko chini. Kama kuna ufa, yatautafuta.

Bi Kengele alipanda ngazi ndani ya chumba cha watoto, chini ya dari iliyo wazi, na kitambaa kikavu. Alifuta bomba kipande kwa kipande, akizungusha kitambaa nyuma ambako jicho halifiki, kisha akakiangalia kitambaa. Alipofika mwisho alirudi mwanzo.

Fundi mkuu alikuwa juu na alama yake ya chaki. Kwa kuwa Bi Kengele asingemsikia vizuri, mbebaji mmoja alisimama katikati ya ngazi za jengo kupeleka na kurudisha maneno.

"Anauliza kukoje huko chini!"

"Mwambie kukavu!"

"Anasema maji yapo palepale!"

"Mwambie asiondoe macho!"

"Anasema hata kupepesa hapepesi!"

Midomo ya Bi Kengele ilikuwa inatembea muda wote. "Niliomba mpaka nikaishiwa maneno," anasema. "Nikabaki namwita tu Mungu kwa jina, kama mtu anayebisha hodi."

Muda wa kupima ulipokwisha, alama ya chaki na maji vilikuwa bado vimegusana. Fundi mkuu alishuka, akakichukua kile kitambaa, akakibana kwenye kiganja, hakikutoa hata tone.

"Bi Kengele," akasema, "hiki unaweza kumfutia mtoto uso."

Bi Kengele alishuka kwenye ngazi, akakaa juu ya mfuko wa saruji, akalia. Hakuna aliyemzuia. Bomba lilikuwa salama, na dari ikafungwa mchana ule.

Likabaki sikio.

Nyumbani hakusema kitu. Alijipa ugonjwa wa mgongo ili asiulizwe kwa nini haendi kazini. Lakini anaishi na wifi yake, dada wa mumewe, mshonaji wa nguo ambaye macho yake yamezoea kuona uzi uliokaa vibaya.

"Wifi, mbona siku hizi redio tunasikiliza na majirani?"

Bi Kengele akaona hana pa kukimbilia. "Sikio limekufa, wifi."

"Limekufa lini? Na mbona msibani hatukuitwa?"

Hata yeye alicheka, ingawa hakutaka. Wifi akamuuliza kwa nini hajaenda kuangaliwa. Akajibu kwamba akienda akaambiwa limekufa kweli, basi imekwisha. Asipokwenda, bado ana kijitumaini.

"Tumaini la kukaa nalo chini ya kitanda?" wifi akasema. "Vaa viatu."

Zahanati ni mwendo mfupi kutoka nyumbani kwao. Muuguzi alimwinamisha kichwa, akamulika tochi ndogo. Akamulika tena. Wifi anasema alimwona muuguzi anajing'ata mdomo.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Nagonga mabomba ya chuma."

"Na humu ndani umemlaza nani? Maana kuna godoro."

Kilichotoka mwisho wa kibano kilikuwa pamba. Ilikuwa imegeuka kijivu, ngumu, imeshikana na nta na vumbi la chuma. Kwenye ujenzi huo mabomba hukatwa kwa grenda, na grenda ikila chuma inapiga ukelele wa kutoboa fuvu. Kila asubuhi Bi Kengele alikuwa anakata pamba na kuziba sikio la kulia, ambako mashine iliwekwa. Zamu ya grenda ikiisha anaivuta, anaamini imetoka yote. Haikuwa inatoka yote. Na pamba ya kesho yake ilikuwa inaisukuma ile ya jana ndani zaidi.

"Ilipotoka nilisikia kama mlango unafunguliwa," anasema. "Nikasikia kandambili za muuguzi. Nikasikia mtoto analia nje. Kisha nikamsikia wifi anaongea, nikamwambia, kumbe unapiga kelele hivi siku zote?"

"Nikamwomba muuguzi airudishe," wifi anadakia kutoka kwenye cherehani yake.

Muuguzi alimkanya asitie tena pamba ya kukata wala kijiti sikioni, akamsafisha, akamwambia sikio lenyewe ni zima. Bi Kengele alimshukuru Mungu kwa sauti pale pale kwenye kiti, mpaka waliokuwa kwenye foleni wakachungulia kuona kuna nini.

Siku aliyorudi kazini, yale mabomba kumi na moja yalikuwa bado yametengwa kando ya ukuta. Fundi mkuu alikuwa hajayagusa. Bi Kengele aliomba yalazwe tena juu ya mbao. Dereva wa lori alikuwepo, na safari hii alivua kofia.

Bomba la kwanza lililia. La pili likalia. Yakafuatana, ngaaa baada ya ngaaa, na kila moja likizidi kumnyoosha mgongo. Kisha akafika kwenye moja karibu na mwisho.

Bup.

Watu walitazamana. Yeye hakutazama mtu. Alisogeza sikio, akagonga upande wa pili, akalitikisia kichwa. "Hili hapana."

Fundi mkuu alikwangua rangi karibu na mdomo wa bomba. Ufa ulikuwepo, umelala kimya kama uzi.

"Kwa hiyo kumi nilikuwa na haki," dereva akasema, "na hili moja sina."

"Nami kumi nilikukosea. Unisamehe, kaka."

"Yameisha, mama. Ila siku nyingine ukiziba masikio nijulishe mapema, nilale nyumbani." Akalibeba mwenyewe lile bomba bovu mpaka kwenye lori.

Tangu hapo pamba imepigwa marufuku. Mafundi wa grenda na wote walio karibu wamenunuliwa vifuniko vinavyokaa nje ya sikio. Lakini Bi Kengele hakuridhika na hilo. Alimwambia fundi mkuu kwamba si vyema jengo zima liachiwe sikio moja, hata likiwa lake.

Sasa anamfundisha mama anayefagia hapo kwenye ujenzi. Kila mmoja anagonga kwa wakati wake, kisha ndipo wanalinganisha. Wakitofautiana, bomba linawekwa pembeni mpaka wakubaliane. "Ananikosoa tayari," Bi Kengele anasema, na uso wake unaonyesha kwamba jambo hilo linamfurahisha kuliko sifa.

Wodi itafunguliwa miezi michache ijayo, na ameshapanga atakachofanya. Ataomba ruhusa, atavaa nguo safi, aingie kukaa kidogo kwenye kile chumba cha chini. Anasema uzuri wa chuma hiki kizito ni kwamba kinameza sauti ya maji. Bomba la plastiki lingesikika kila mtu anapotoka chooni.

"Huko juu watakuwa wanavuta maji, wanaoga, wanafua vitambaa vyao," anasema. "Mimi nitakaa hapo chini, watoto wamelala. Sitaki kusikia bomba. Nataka nisikie wanavyopumua tu."