Kofia ya Mzee Rajabu

Mwanangu, nakumbuka siku moja Mzee Rajabu, fundi magari jirani yetu hapa Buyenzi, alikuja kwangu hata chai haijachemka, akakaa bila kukaribishwa.

Wakati huo nilikuwa nimeacha gazeti. Kwa miaka mingi niliandika habari za uhalifu, na kwa kuwa mimi ni mtu wa nyumbani, ambaye hata kufika bandarini kutazama wizi niliona ni safari, nilizitafuta kwa simu. Kisha nikaanza kuandika filamu, nikajiona nimepanda cheo. Ya kwanza ilihusu mwizi wa sukari bandarini. Ilipoonyeshwa mtaani Rohero watu walipiga makofi, nami nikasimama kuinama mara tatu. Mara mbili hakuna aliyeniomba.

"Ule mwizi wako," alisema Mzee Rajabu, "mbona anavaa kofia yangu?"

"Mzee, ule ni mutu wa kubuni."

"Na tobo ya pembeni, umeibuni? Na kuweka nati mu kofia? Na kukohoa mbele ya kusema uongo? Mi sisemi uongo. Lakini kukohoa, nakohoa."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Watu wa mtaa wa Carama waliomposa binti yake Zuhura walikuwa wameiona filamu, wakatuma neno kwamba posa isubiri kwanza. Tangu juzi Zuhura hali chakula.

Unaliona kosa langu? Gazetini nilizoea kuandika kilichotokea na kuficha jina. Kwenye filamu wizi niliubuni, lakini mtu sikumbuni. Nilifungua dirisha nikamchukua aliye karibu. Uvivu, si kingine. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilichimba, akaingia jirani.

Nikavaa viatu, nikaenda Carama. Bibi mzee wa yule kijana aliyeposa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Na ile sukari ilienda wapi?"

"Ilikuwa muchanga, bibi. Hata magunia tuliazima."

"Sasa mwizi ni nani?"

"Ni mimi. Niliiba kofia ya mutu na kikohozi chake, bila kumuomba."

"Basi utayasema hayo siku ya ndoa, mbele ya watu wote. Na usikohoe."

Niliyasema, nimesimama kati ya wakwe na masufuria ya pilau, koo likiniwasha kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Mzee Rajabu alikuja na kofia mpya. Aliponipita aliniinamia sikioni: "Hii usiione."

Basi wewe unayetaka kuandika, mwanangu, toka nje uone watu wengi, uwachanganye mpaka mama zao wasiwatambue. Ukishindwa kubuni sura, mpe mwizi wako ya kwako. Tangu siku ile wezi wangu wote wana kitambi, wanapenda usingizi, na hawafiki mbali.

Mungu akupe macho ya kuona na haya ya kusitiri, na jirani yako akisikia unaandika, aendelee kunywa chai yake kwa amani. Amina.