Lori Lililokataa Kuchakaa

Mtaani walimwita Fundi Mng'ao, na jina hilo hakupewa bure. Miaka thelathini na moja alipiga rangi magari yaliyopata ajali, na gari likitoka mikononi mwake, mwenye gari alilizunguka mara mbili akijiuliza kama ndilo lake. Alipostaafu akaanza kuunda magari madogo ya jeshi, ya kukaa kiganjani: vifaru, malori, magari ya kuvuta mizinga. Kuunganisha vipande alikuwa hodari. Shida, jamani, ilikuwa rangi. Mkono uliozoea kung'arisha haukujua kabisa kuchakaza!

Na aliyemnyima raha ni shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyeendesha lori la jeshi miaka kumi na minne. Fundi alikuwa amemuundia mfano wa lori hilo mara mbili. La kwanza shemeji alilitazama, akauliza, "Zuri. Linapeleka maharusi?" La pili Fundi alilipaka matope, na shemeji akacheka hadi machozi: "Hili umelichovya kwenye kakao!" Sasa Jumapili shemeji alikuwa anahamia kwa binti yake, mbali sana. Fundi alitaka jambo moja tu kabla shemeji hajaondoka: alishike lori na kulitambua. Sifa za adabu hakuzitaka.

Alhamisi alikuwa kwenye meza ya jikoni na lori la tatu, ulimi nje, anadonoa matope kwa brashi, tone hapa, tone pale. Mkewe alikuwa pembeni anakunja nguo. Akashindwa kuvumilia.

"Baba, hayo matope umeyapima kwa rula?"

"Tope ni tope, mke wangu."

"Nani kakudanganya? Hapo pa kukanyaga dereva anapanda na kushuka kutwa, tope litakaaje? Hapo rangi inaisha, chuma kinabaki cheupe. Tope linajificha nyuma ya magurudumu. Na vumbi la juu mvua inalishusha, linaacha michirizi. Malori ya saruji nimeyaosha miaka kumi na tisa, utanifundisha wewe?"

Fundi akaweka brashi chini. Miaka yote hiyo walikula meza moja, yeye fundi wa rangi, mama muosha malori, na hakuwahi kumuuliza uchafu unakaa wapi. Aliona aibu, aibu kweli. Kisha akavuta kiti cha pili.

"Haya bosi, sema."

Wakaanza upya. Fundi alichana kipande cha sponji, akakichovya kwenye rangi ya chuma, akakifuta kwenye gazeti mpaka karibu kikauke, ndipo akakigusisha kwenye kingo za ngazi. Rangi ya kahawia aliizimua kwa tapentaini iwe nyepesi, akaivuta kwenda chini, mstari mmoja mrefu, mwingine mfupi. Chaki waliisaga ikawa vumbi. Kila mkono wake ulipoanza kusawazisha, mkewe aliuchapa kofi dogo.

"Acha! Umeshaanza kung'arisha!"

Walicheka siku tatu mfululizo. Fundi hakukumbuka lini mara ya mwisho alifurahi hivyo na mkewe.

Jumapili shemeji akaja kuaga, begi mkononi. Fundi akamwekea lori mezani, akasimama nyuma yake. Shemeji aliligeuza, akatazama nyuma ya magurudumu, akapitisha kidole kwenye ngazi. Halafu akatoa leso, akailowesha kwa mate, akaanza kusugua kioo cha mbele.

"Kioo kimejaa vumbi hivi, njia mtu anaionaje?" alinung'unika. "Afande akilikuta hivi, nimekwisha."

Akashtuka. Akaitazama leso, akamtazama dada yake, ambaye tayari alikuwa amekalia sakafu kwa kicheko.

"Samahani, shemeji! Nimekuharibia!"

Fundi naye, mazoea hayo, mkono ulishaifuata brashi apazibe pale palipofutika. Shemeji akauzuia. Aliinama, akachungulia ndani ya lori kupitia pale alipofuta.

"Ndilo," alisema. "Ndilo lenyewe."

Fundi Mng'ao, mtu mzima na mvi zake, akaruka na kupiga makofi, na chupa ya tapentaini ikaenda chini.